Nani Amefungua Barua Zangu

Kompyuta ya Mjomba ililindwa kuliko mtu yeyote katika nyumba ile ya Amalemba. Ilikaa katika chumba cha wageni chenye vyuma madirishani, na mlango ulifungwa kwa ufunguo hata tulipokuwa sebuleni tukinywa chai. Anti, mke wa Mjomba, aliifunika kwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe: kimoja cha skrini, kimoja cha kibodi, na kingine cha printa, ambayo ilipochapa ililia kama cherehani mbovu. Waya wa simu ulichomolewa kila tulipomaliza. Radi ya Kakamega haipigi hodi, na karibu kila alasiri mawingu yalikuwa yakijikusanya. Mjomba aliukunja ule waya, akautia mfukoni mwa koti, akatembea nao mpaka sokoni na kurudi nao.

Lakini neno la siri la barua pepe, kitu ambacho mwizi wa barua angekihitaji kwanza, lilikuwa namba ya sanduku letu la posta.

Fundi aliyekuja kutoka Kisumu kutuunganishia imeli alijaribu kumkataza.

"Mwalimu, hili neno lisijulikane na mtu."

"Sasa nisipokuwapo, nani atafungua?" Mjomba aliuliza. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alipouliza swali ulijisikia kama uko darasa la nne.

"Hakuna. Watangoja urudi."

"Barua za watu zingoje mimi nirudi? Nikiwa matangani Kabras wiki nzima?" Akanigeukia. "Unasikia huyu?"

Fundi aliinua mikono, akaandika alichoambiwa. Wakati huo miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na nilikuwa nimesoma magazetini habari za virusi na za watu wanaoingia katika kompyuta za wengine. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuogopa vitu hivyo. Nilimwelewa fundi. Ila nilimwelewa Mjomba pia, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Sanduku la posta la Mjomba halikuwa lake peke yake. Ukoo mzima ulilitumia, na kanisa lao zima, pamoja na watu wa kwetu Navakholo ambao hawakuwahi hata kuliona. Ufunguo ulining'inia msumarini karibu na mlango wa sebule. Yeyote aliyekuwa akienda mjini aliuchukua, akarudi na barua za wote, na Jumapili baada ya ibada barua ziligawanywa. Imeli nayo ilipokuja, ikaingia katika utaratibu uleule. Mzazi mwenye mtoto ng'ambo alipewa anwani yetu, akaambiwa mtoto aandike juu kabisa jina la mama yake. Jumamosi asubuhi, kabla ya mawingu, mimi na Mjomba tulichomeka waya, modemu ikapiga kelele zake, barua zikashuka, tukazichapa.

Nami nikaitoa anwani hiyohiyo kwa shirika moja la Nairobi nilipoomba kazi. Ilikuwa kazi ya kusimamia mawasiliano ya kompyuta kati ya makao makuu na zahanati zao za mashambani. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri watu kama mimi, na ile ilikuwa nafasi ya kwanza kwa miezi mingi iliyofanana na kitu nilichosomea. Tangazo lilisema kwamba watakaochaguliwa kwa mahojiano wataarifiwa kwa barua pepe tu.

Nilingoja. Jumamosi ya kwanza zilishuka barua za mama wawili wa kanisani. Jumamosi iliyofuata, hakuna kitu. Nikajiambia kwamba hawajaanza kuchagua. Kisha rafiki yangu wa chuoni akapiga simu kutoka Nairobi.

"Wewe umekuwa na maringo siku hizi. Nakuandikia hujibu."

"Umeniandikia lini?"

"Wiki jana. Na juzi tena."

Niliweka simu chini, nikabaki nimeitazama. Barua mbili zilikuwa zimetumwa na hakuna hata moja iliyofika. Kama za rafiki yangu zilipotea, basi ile ya shirika nayo?

Nilimwomba rafiki anitumie maneno machache Ijumaa usiku, na mengine Jumatatu. Ya Ijumaa niliyapata. Ya Jumatatu hayakuonekana tena. Kwa hiyo barua za mwisho wa wiki zilikuwa salama, na za katikati ya wiki zilikuwa na mtu anayezichukua. Fundi alikuwa ametueleza jinsi mambo yanavyokwenda: barua hukaa Kisumu, na mashine inayotangulia kupiga simu na kutoa neno la siri ndiyo inayozibeba zote. Huko Kisumu halibaki hata jina la aliyezichukua.

Mtu alikuwa akitutangulia.

Nilianza kumchunguza kila aliyeingia. Kwanza shaka ilimwangukia binamu yangu, mtoto wa Mjomba, ambaye alikuwa amesoma biashara na ambaye, nilikumbuka, alikuwa ameomba kazi ileile. Wiki nzima alishinda mjini. Alirudi jioni akipiga mluzi. Mtu asiye na kazi anapigia nini mluzi?

"Umepata jibu la wale watu?" nilimwuliza tukila.

"Wapi. Na wewe?"

"Bado."

"Basi tuko sawa," akasema, akachukua paja la kuku. Nililichambua lile "tuko sawa" mpaka usingizi ukapaa. Sawa vipi? Mbona hakuniuliza zaidi?

Anti naye aliniona ninavyoitazama simu.

"Ni mwanamume?" aliuliza akichagua mchele.

"Hapana, Anti. Ni barua."

"Ya mwanamume?"

Mjomba sikumwuliza. Nilipanga maneno mara nyingi, na kila nilivyoyapanga yalitoka yakimwambia mwenye nyumba kwamba nyumbani kwake kuna mwizi. Tena mwizi huenda ni mwanawe. Nami nilikuwa nikila ugali wake.

Jumatano moja, Mjomba alipokwenda shambani, nilimpigia fundi Kisumu na kumwomba abadilishe neno la siri.

"Mwalimu anajua?" aliuliza.

"Ndiye aliyenituma."

Nikahisi kwamba naye sasa ananishuku mimi. Lakini alilibadilisha, akaniambia nisiliandike mahali, na sikuliandika. Nilibaki nalo kichwani kama mtu aliyebeba yai mdomoni, nikiogopa hata kuota kwa sauti.

Jumamosi nikajifanya kuandika namba ya sanduku wakati Mjomba ametazama pembeni, nikaandika langu. Barua zilishuka nyingi kuliko wakati wowote, na ya mwisho ilikuwa ya shirika. Nikamwambia Mjomba kwamba naanza na hii, nikasoma.

Walinishukuru kwa kuthibitisha kwamba nitafika. Walisema mahojiano yamesogezwa mpaka Alhamisi asubuhi, mahali palepale palipotajwa. Nisisahau zile karatasi nilizoombwa.

Kuthibitisha? Sikuwa nimethibitisha chochote. Mahali gani palepale? Karatasi gani?

"Ni nini, mama?" Mjomba aliuliza.

"Ni kazi," nikasema. "Wameniita."

Alinishika mkono akautikisa kama siku ya kugawa zawadi shuleni, nami nikatabasamu. Kuna mtu alikuwa amewajibu kwa jina langu. Binamu hangeweza kwenda kujifanya mimi, yeye ni mwanamume. Lakini angeweza kuwaandikia kwamba nimepata kazi kwingine. Mbona basi aliandika nitakwenda? Nilifikiria kulipigia shirika simu Jumatatu niulize mahali, kisha nikafikiria wakisema, "Lakini wewe mwenyewe si ulijibu?" Wangejua kwamba anayeomba kulinda mawasiliano yao hajui nani anaandika kwa jina lake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya mahubiri, katibu wa kanisa alisimama kutoa matangazo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, na siku za kazi alikuwa na kiofisi mjini cha kupiga chapa na kutoa fotokopi. Alitangaza harusi, akatangaza mchango wa mabati. Kisha akasema:

"Lingine, wapendwa. Sanduku letu la imeli limekataa kufunguka tangu Jumatano. Nimejaribu mpaka sikio limechoka. Kama kuna mtu amebadilisha kufuli, tunamwomba kwa upendo aseme, kwa sababu watu wana watoto wao huko nje."

Kanisa zima likageuka kumtazama Mjomba. Mjomba akageuka kunitazama mimi. Binamu yangu, kiti cha nyuma, alikuwa amelala.

Nilimkuta katibu nje, kwenye nyasi, akiwa ameshika bahasha za watu.

"Mama, ni wewe unafunguanga barua katikati ya wiki?"

"Sasa ni nani mwingine? Mwalimu anafungua Jumamosi, mimi Jumatatu na Jumatano. Nina kompyuta, nina simu. Hata ufunguo wa posta niko nao tangu ule mwaka wa mafuriko." Akanikazia macho. "Kumbe ni wewe umefunga!"

"Barua zangu ziko wapi?"

"Nilituma kwenu Navakholo, kwa mkono wa yule mzee wa kuuza mbegu. Zote. Za huyo rafiki yako wa mambo mengi, na ile ya Nairobi."

"Lakini mimi ninaishi hapa Amalemba!"

"Unaishi hapa, sawa. Kwenu ni hapa? Barua ya msichana inaendanga kwa mama yake."

"Na aliyejibu Nairobi?"

"Walitaka jibu kabla ya Ijumaa, na wewe hata huonekani. Ningeacha kazi ipotee? Nilijibu vizuri tu. Nilikusifu." Akanigonga begani. "Sema asante."

Nilisema asante. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, na nadhani alisikia yote.

Tulifika nyumbani. Alivua koti, akaketi.

"Lipi hilo neno jipya?"

"Mjomba, nitakuambia baada ya Alhamisi. Wakituma kitu kingine kabla ya hapo, sitaki kiende Navakholo."

"Umenifungia nje ya nyumba yangu."

"Ni mpaka Alhamisi tu."

"Huyu mama anatusaidia bure. Nani alikuambia ni mwizi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Ndiyo maana." Akautoa waya mfukoni, akautazama, akaurudisha. "Basi kaa na neno lako. Mimi nakaa na huu."

Anti alicheka jikoni mpaka akaweka sufuria chini. Hivyo ndivyo imeli ya Amalemba ilivyofungwa kabisa. Mimi nilikuwa na neno bila waya, Mjomba ana waya bila neno, na barua za watu zimelala Kisumu. Sikujuta. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba hakuna anayesoma.

Jumatatu nilikwenda Navakholo. Kabla sijafika nyumbani, mama mmoja aliyekuwa akipalilia mahindi alinipungia jembe.

"Hongera! Tumesikia Nairobi!"

Mwingine akaniuliza kama nitamtafutia kijana wake kazi hukohuko. Barua yangu ilikuwa imesomwa kwa sauti na mwalimu wa shule ya msingi, ikafasiriwa, ikaombewa. Mama yangu aliitoa katika kabati la vyombo, imekunjwa vizuri, na juu yake barua za rafiki yangu, ambazo zilikuwa na mambo ambayo sikutaka mwalimu yule ayafasiri.

"Nani amezisoma hizi, mama?"

"Hizo zingine? Mwalimu alianza moja, akakohoa, akasema si za muhimu."

Nilisoma jina la jengo la Nairobi, orofa, na vyeti vilivyotakiwa. Nikarudi mjini usiku haujaingia.

Alhamisi nilikaa mbele ya watu watatu. Mama aliyeketi katikati alifungua faili langu, akanyanyua karatasi.

"Hili jibu ni lako?" akauliza, kisha akalisoma. "'Binti yetu atafika Mungu akipenda. Ni mtiifu, hatembei usiku, na ametoka katika nyumba nzuri.'"

Wenzake walitazama meza. Ningeweza kusema ndiyo. Nilifikiria hiyo "ndiyo" na yote ambayo ingeyazaa.

"Si langu. Liliandikwa na katibu wa kanisa la mjomba wangu."

"Aliingiaje katika barua zako?"

"Anwani ni ya watu wengi, na wote walikuwa na neno la siri. Nimelibadilisha wiki jana, na sasa nyumbani hawafurahi."

Hakucheka. "Sisi tuna nesi," akasema, "amempa dereva neno la siri la zahanati kwa sababu dereva ndiye anayefika mjini. Tumemkataza, bado anampa. Ungefanyaje?"

"Ningempa dereva sanduku lake mwenyewe, na barua za kawaida ziende huko. Za wagonjwa zibaki kwa nesi. Ukimkataza nesi tu, bado atampa dereva, na wewe hutajua."

Aliandika kitu kirefu. Nilijaribu kukisoma kichwa chini miguu juu, sikuweza.

"Tutakujulisha," akasema hatimaye. "Kwa anwani hii hii?"

Nilikumbuka ule waya mfukoni mwa Mjomba.

"Samahani," nikasema, "ninaweza kungoja hapo nje?"

Walitazamana. Akasema kuna benchi kwenye korido. Nilikaa hapo wengine wakiingia na kutoka, nikisikiliza kila mlango, na nikimshuku kila aliyetoka akitabasamu. Saa kumi yule mama alitoka mwenyewe, mkoba begani, akafunga ofisi, akaniambia nianze mwanzo wa mwezi.

Nilimshukuru. Kisha nikamwuliza ni nani mwingine aliyeambiwa habari hizi kabla yangu.