Mkono wa Hakimu na Ulimi Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikufanya kazi yoyote. Wakili aliyeniajiri, Mhindi mzaliwa wa pale pale Tabora, mtoto wa muuza vitambaa, alinionyesha benchi la wateja akasema, "Kaa hapo." Nikakaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, suruali mpya ikinibana, wateja wakiingia na kutoka. Saa sita akaniita ndani.

"Umesikia nini?"

Nikamweleza: huyu ana kesi ya shamba, yule mwanawe amekamatwa.

"Na yule bibi mwenye kikapu?"

"Alikuwa analalamika tu, bwana."

"Analalamika nini?"

Sikujua. Akanitazama juu ya miwani, akafungua droo, akanigawia karanga. "Kesho utakaa tena," akasema. Nilikaa kwenye benchi lile siku tatu.

Ndivyo nilivyoingia katika ukarani wa sheria, mwishoni mwa enzi za Waingereza. Nawaandikia ninyi vijana mnaofanya ukalimani hapa Virginia na Maryland, mahakamani na hospitalini, hasa mjukuu wangu Neema aliyepata kazi hiyo Fairfax mwezi uliopita na tayari ana malalamiko. "Babu, watu wetu wanaongea sana," aliniambia jikoni kwetu Sterling. "Daktari ana-rush, so mimi na-summarize tu." Nilimaliza chai yangu. Jibu lake ni hili hapa, na ni refu.

Wakili wangu alisomea sheria London, akarudi kufungua ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la baba yake. Aliwatetea wafanyakazi wa reli waliogoma, na Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, akaacha kumsalimia. "Ameniokolea muda," wakili akasema. Kwake nilijifunza kuandaa hati za kiapo, yaani maelezo ambayo mtu huapa kwamba ni kweli kabla ya kutia sahihi, na kupiga chapa kwa vidole vinne. Alikuwa mkali kwa makosa ya karatasi na mpole kwa makosa ya watu.

Uhuru ulipokaribia, serikali ile ile iliyomnunia ikamteua hakimu. Akanichukua niwe mkalimani wake. Mahakama iliandika Kiingereza, mashahidi walisema Kinyamwezi, ambacho hakimu hakukijua, na mimi nilisimama katikati. Hakimu mwenyewe aliandika ushahidi wote kwa mkono. Maandishi hayo tuliyaita mwenendo wa kesi, na hukumu ilitoka humo tu. Kisichoandikwa kilihesabiwa kuwa hakikusemwa. Kwa hiyo mkalimani aliyeijua kazi yake alitazama kalamu. Ikikimbia, unamwinulia shahidi kiganja asubiri, ikitulia, mnaendelea.

Sasa, kipupwe kilipoingia, vidole vya hakimu vilivimba kama tangawizi. Alikuwa akiandika mistari mitatu, anakunjua mkono, anaufikicha chini ya meza ili watu wasione. Mimi niliona. Nikaanza kumpunguzia. Shahidi akianza na habari za ukoo mzima, naruka. Akirudia jambo, nalisema mara moja. Hakuna aliyeniagiza. Nilimpenda yule mtu, basi, na pia nilijiona fundi. Siku moja akaniambia kwa furaha, "Mashahidi wako siku hizi wanasema kwa ufupi." Nikacheka naye.

Ndipo ikaja kesi ya mrina asali mmoja, kijana asiye na wakili, aliyeshtakiwa kumkata kwa panga mnunuzi wa tumbaku njiani, Jumamosi asubuhi. Shangazi yake alikuja kumtolea ushahidi. Mama yule aliongea! Alianza na uji, akaenda kwenye ng'ombe wa jirani, akarudi kwenye uji, akaeleza kwamba Ijumaa nyuki walimshambulia kijana, kwamba Jumamosi nzima alimlisha kwa kijiko kwa sababu uso ulivimba na macho yote mawili yalikuwa yameziba. Mimi nikamwambia hakimu, "Anasema mshtakiwa alikuwa kwake, mgonjwa." Hakimu akaandika mstari mmoja.

Hukumu ilipangwa Jumatatu. Ijumaa mchana nilikuwa napiga chapa mwenendo, nikafika kwenye maneno ya shahidi wa mashtaka: alimtambua mshtakiwa kwa uso, walitazamana macho kwa macho. Vidole vyangu vikasimama. Rasimu ya hukumu nilikwisha kuiona mezani kwa hakimu: miaka mitano na viboko. Kijana na shangazi yake waliamini kwamba habari ya nyuki imefika. Iliishia kwangu.

Niliogopa, sitaficha. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya serikali. Ningeweza kuendelea kupiga chapa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilikaa mbele ya mashine mpaka chai ikapoa, kisha nikaenda kubisha hodi ofisini kwa hakimu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kwa nini hukuyasema?" akauliza.

"Ni mkono wako, bwana. Unakuuma."

"Mkono ni wangu, Masanja. Nani alikupa maneno ya watu uyapunguze?"

Akaniuliza tena, taratibu zaidi, "Kesi nyingine ngapi?"

"Sijui, bwana."

Hilo ndilo lililomuumiza. Alivua miwani akafunika uso kwa kiganja kile kilichovimba, na mimi nikatamani anitukane.

Jumatatu hakutoa hukumu. Alinipandisha kizimbani mimi, mkalimani wake, nikaapishwa, nikaeleza mbele ya watu wote nilichofanya, kwa Kiingereza na kwa Kinyamwezi. Kisha shangazi akaitwa upya, na katekista mmoja wa misheni akatafsiri, uji na ng'ombe wote wakiwemo. Hakimu aliandika kurasa sita. Kijana aliachiwa siku ile. Yule mama alipopita karibu nami alisimama akasema, "Kumbe ulikuwa unachoka, mwanangu. Ungeniambia, ningekaa kimya." Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana mpaka leo neno lile linanichoma.

Majalada ya kipupwe kile tuliyapitia yote. Manne hakimu aliyapeleka Mahakama Kuu akiomba yaangaliwe upya, na kosa akaliandika kuwa ni la mahakama yake. Mimi nilisubiri barua ya kufukuzwa. Badala yake alichungulia mlangoni akasema, "Kesho saa tatu, kesi ya mpaka wa shamba. Usichelewe."

Baada ya uhuru akawa jaji, na tulizunguka pamoja miaka kumi na minne: Nzega, Shinyanga, Mwanza. Sikumpunguzia tena hata kikohozi. Mkono wake uliendelea kuuma, nami niliuacha uume. Nilistaafu nikijivuna kwamba mtu yule alinisamehe na kuniamini tangu siku ile, na habari hiyo nimewasimulia watu wa kanisani kwetu mpaka wamenichoka.

Jaji aliwafuata wanawe Marekani, akafariki huku kabla sijafika. Masika haya binti yake, mfamasia mstaafu anayeishi Fairfax, alisikia kwamba nipo, akanialika chai. Akanitolea daftari la shule lenye mwandiko ninaoujua kuliko wangu. Lilikuwa na maneno ya Kinyamwezi, kurasa kwa kurasa, na maana zake.

"Alianza wiki ile ile ya kesi ya nyuki," akasema. "Yule katekista alikuwa anakuja nyumbani kila Jumatano. Baba alitukataza tusikwambie, anko."

"Kwa hiyo miaka yote ile alikuwa anawaelewa mashahidi?"

"Kila neno. Anasikia shahidi, halafu anasikia wewe, anapima."

Niliona aibu, kisha hasira, kwa umri wangu huu. Nimejivunia imani ya mtu aliyekuwa akinipima kila siku! Nikamuuliza kwa sauti ya mshtakiwa, "Alinikuta na kosa?"

Alifunua daftari katikati, akaniwekea kidole chini ya somo la mwisho. Jaji alikuwa ameandika mstari mmoja kwa Kiswahili, herufi zikiwa zimepinda kwa maumivu: "Leo kesi nzima sikumsikiliza shahidi. Nilimsikiliza Masanja."

Nikafunua kurasa zilizofuata, moja moja, mpaka jalada la nyuma. Zote zilikuwa tupu; tangu siku ile hakuhitaji tena kunipima. Nikalia pale pale mezani kwake, mzee mzima, bila aibu hata kidogo.