Miswaki Kutoka Kiwanja cha Sumu

Chini ya ghorofa letu, mtaa wa Flemingdon Park huku ughaibuni, pana kiwanja kilichowahi kuwa gereji. Udongo wake umejaa mafuta machafu na madini ya sumu, kwa hiyo tuliajiriwa watu kadhaa, mimi nikiwemo, tupande miti ya mierebi inyonye uchafu ule. Ikishanenepa inakatwa na kupelekwa mbali pamoja na sumu yake. Kibao cha onyo tulikiweka, kwa Kiingereza na Kifaransa.

Mama yangu, aliyetoka Tanga kuja kuishi nami, hajui hata kimoja. Yeye aliona vijiti laini, vimenyooka, tena vya bure. Akakata miswaki.

Nilimkuta sebuleni anachonga wa kwake. Wenzake wa msikitini alikwisha kuwagawia wote. Wengine kwanza, wewe mwisho, ndiyo adabu aliyolelewa nayo.

"Wananipenda siku hizi," akaniambia kwa fahari. "Kila Ijumaa: 'Bibi, Mungu akulipe, meno yanang'aa!'"

Lahaula! Niliunyakua ule mswaki kama namnyang'anya mtoto wembe, nikamweleza. Akavaa buibui lake. "Twende. Nitawaambia mwenyewe."

Njia nzima naomba dua huku nagomba. Wazee wa watu! Huyu ana figo, yule ana kisukari, leo sisi tunawatafunisha sumu!

"Na wewe," mama akanijia juu, "mti wa sumu unaupandaje mbele ya watu wenye meno?"

Baada ya swala akasimama mbele ya wanawake, akasema yote. Mikoba ikaanza kufunguliwa. Huyu akatoa mswaki wake, yule akatoa wake, yote mikavu, ncha hazijatafunwa. Bibi mmoja akanong'ona kwamba meno yake ni ya bandia tangu zamani, ila aliona haya kukataa.

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele mpaka watoto wakageuka. Hakuna aliyedhurika! Nilitaka kuwabusu wote.

Mama alikuwa amesimama na fungu la miswaki kifuani.

"Hata mmoja hakuutafuna?" akaniuliza.

"Hata mmoja, mama. Tushukuru."

"Nashukuru," akasema, machozi yanamtoka. "Lakini tangu nije nchi hii, sijawahi kumpa mtu kitu kingine."