Udi wa Mama Nasoro

Enzi zetu pale Newala, kuteka maji ilikuwa safari. Wenzangu mliopanda ule mlima na ndoo kichwani kutoka bondeni mnajua. Shingo zetu zilikomaa kabla ya akili. Vijana wa leo, bomba likikatika asubuhi moja, wanalalamika kwenye simu mpaka jioni.

Mwaka mmoja wa kiangazi kirefu mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na mlima ukamshinda. Mimi niliweza kindoo kidogo tu, maji yake yakaishia kwenye ugali. Maji ya karibu yalikuwa kwenye tangi la Mama Nasoro, Mwarabu mwenye duka, ambaye bati lake lote lilikinga mvua. Mama akajitanda kanga yake mpya, akanishika mkono. "Leo haturudi mikono mitupu, Somoe."

Tulikaribishwa mkekani. Baada ya salamu ikaja halua, ikafuata kahawa ya iliki katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Kila mama alipomaliza, Mama Nasoro alimimina tena. Hatukujua kwamba kwao aliyetosheka hukitikisa kikombe. Mama alikunywa vikombe saba, na tumbo lile. Kisha kikaja chetezo. Moshi wa udi ukapita kwenye kanga na nywele zetu, tukanukia kama sikukuu. Mama akashukuru, akakaa. Ikaletwa kahawa nyingine. Chetezo kikarudi. Mama akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.

Kilipokuja mara ya tatu, Mama Nasoro alishindwa kujizuia, akacheka.

"Mama Somoe, kwetu udi ukishapita mgeni anaaga."

"Niage vipi, nawe hujaniuliza kilichonileta?"

"Kwetu mgeni haulizwi. Ni aibu."

"Na kwetu mgeni hasemi mpaka aulizwe. Ni utovu wa adabu."

Wakatazamana.

"Haya, mwenzangu, nakuuliza."

"Maji. Ndoo mbili kwa siku, mpaka nijifungue."

Mama Nasoro aliinuka, akatoka nasi uani, akafungua kufuli la tangi, akanipa ndoo yake mwenyewe. Tulichota pale mpaka mdogo wangu akazaliwa na mvua zikarudi.

Shule niliiacha darasa la tano, miguu haikutulia. Nimeishi Lukuledi, Chidya, Masasi na kwingineko, na kila nilipoikuta nyumba ya Waarabu nimeuliza mila zao mpaka wakanichoka. Kikombe sasa najua kukitikisa. Siku hizi mtu hutuma shida yake kwa ujumbe, asipojibiwa ameridhika, analala. Nyumba ya Mama Nasoro ina wenyewe wengine, tangi limepasuka, na hakuna tena anayekaa mkekani kiasi cha kufukizwa mara tatu.

Maana ya udi naijua vizuri. Lakini nikiwa nimebeba shida ya mtu, moshi na upite mara kumi, mimi nimekaa.