Kasha la Nguo za Mama

Msimu wa korosho ulipoingia Naliendele, hewa yenyewe ilikuwa inalewesha. Mabibo yaliyoanguka yalichachuka juu ya mchanga chini ya mikorosho, na harufu yake, tamu yenye ukali kidogo, iliingia ndani na kukaa kwenye mapazia, kwenye mito, mpaka kwenye ndoto. Ni katika harufu hiyo Somoe aliingia nyumbani kwetu akitokea Mpapura, na begi moja na ungo mpya. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amefariki wakati wa masika, na Baba, mwalimu wa shule ya msingi asiyejua kukoroga hata uji, alikuwa ameniambia kwa sauti ya chini kwamba nitapata mama mdogo. Majirani nao walikwisha kuniambia yao: mama wa kambo si mama. Maneno hayo niliyashikilia. Somoe akinipa chakula, nilikula. Akiniuliza jambo, nilitikisa kichwa. Sikumwita kwa jina lolote.

Nguo za Mama zilikuwa kwenye gunia la katani, pembeni mwa kitanda cha Baba. Ndugu walikuwa wamegawana nyingine kama ilivyo desturi. Hizi Baba alizizuia, kanga zake za kutokea na vitambaa alivyodarizi mwenyewe, lakini hakuwahi kuthubutu kulifungua gunia lile. Mimi nililichunga. Kila niliporudi shuleni nilichungulia chumbani kuona kama bado lipo, maana niliamini kwamba siku moja mgeni yule angelitupa.

Jumamosi moja Somoe alikuwa akifagia chumbani, akaliinua gunia ili apitishe ufagio. Gunia likapanda, kitako chake kikabaki sakafuni. Mchwa.

"Asumini," aliniita. "Njoo, mwanangu. Njoo tuangalie pamoja."

Kanga moja ilikuwa imeliwa nusu nzima. Nyingine zilikuwa na udongo tu. Somoe alizikung'uta moja moja, akazifua, akazianika uani kwenye kamba. Mchana ule wote nilikaa kwenye kizingiti nikizitazama zikijaa upepo na kushuka, zikijaa na kushuka, hata nikaona kana kwamba Mama amerudi mara nyingi kwa wakati mmoja na anatembea taratibu kati ya miti. Sikulia. Niliogopa nikilia zitaacha kucheza.

Kesho yake Somoe alikwenda mnadani. Alirudi na kasha la mbao kichwani, la mtumba, lililovushwa mtoni Kilambo kutoka Msumbiji. Herufi za Kireno zilikuwa zimefifia ubavuni, upande mmoja umepasuka, misumari imepinda, na ndani lilinuka sabuni ya kufulia.

"Hizi ni kuni, Somoe," Baba alisema.

"Bado, Mwalimu," alijibu, akalitua.

Alilisugua kwa majivu na mchanga, akalikausha kivulini. Aling'oa misumari, akainyoosha juu ya jiwe, na palipopasuka akapigilia ubao wa kitanda kibovu. Mimi nilikuwa ndani nikisikiliza msasa ukipita juu ya mbao, shaa, shaa, sauti ya kuleta usingizi. Kisha akatafuta mafuta ya maganda ya korosho, meusi na mazito, yasiyopendwa na mchwa wala na ngozi ya binadamu. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akapaka kitako chote kwa nje. Mfuko mmoja ukatoboka. Asubuhi kiganja chake cha kulia kilikuwa kimevimba na kutoka malengelenge, lakini nilimkuta amekaa mkekani, anapiga msasa kifuniko kwa mkono wa kushoto, vibaya, akijing'ata mdomo.

Nilikaa mkekani mbele yake, nikanyoosha mkono.

"Nipe msasa, mama mdogo," nikasema.

Alinipa. Hakutabasamu wala hakuniangalia usoni, na hilo lilinisaidia. Tulifanya kazi mpaka harufu ya mabibo ikapoa na jioni. Siku zilizofuata tulilipaka kasha rangi ya buluu iliyobaki mlango wa duka la jirani ulipopakwa, tukasuka vishikio kwa ukili wa miyaa. Ile kanga iliyoliwa, Somoe aliikata pale palipokuwa pazima, penye ua kubwa, akapika gundi ya unga wa muhogo, nami nikaibandika ndani ya kifuniko, nikiikunjua kwa viganja hadi isiwe na mkunjo hata mmoja.

Nilidhani litawekwa chumbani. Somoe aliliweka sebuleni, chini ya dirisha. Baba alipotoka shule alilifungua, akakuta kanga zimepangwa kwa rangi, na ua lile likimtazama kutoka kifunikoni. Akakaa sakafuni bila kuvua viatu. "Hii Zainabu aliivaa siku uliyozaliwa," akaniambia. Tangu mazishi hakuwa amelitamka jina la Mama.

Siku hizi naishi Mtwara mjini, katika nyumba yenye makabati mpaka darini. Vijana hapa mtaani huchukua makasha ya bandarini, wakayapaka vanishi, wakayauza kwa picha za simu, nayo ni mazuri kweli. Baba ametangulia. Somoe anakaa nami, na majuzi, tukimenya muhogo, nilimwuliza ni nini kilimfanya ateseke vile kwa ajili ya nguo za mwanamke asiyemjua.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nalala ndani ya nyumba ya mama yako. Nilitaka mwenye nyumba anipokee."

Sikuwahi kufikiri kwamba aliogopa. Katika macho yangu ya utotoni alikuwa mtu mzima, mwenye nguvu, aliyekuja kuchukua. Leo nimempita umri aliokuwa nao siku ile, na bado nikimtazama naona mkubwa wangu.