Picha ya Mvua ya Mawe

Nyuma ya nyumba yangu kuna kijana anachomelea mageti. Akianza kazi, moshi wake hupita dirishani ukiwa na harufu ya chuma kilichoungua, harufu kavu inayokaa puani mpaka chakula kinakosa ladha. Wajukuu hulalamika na kufunga dirisha. Mimi hulifungua tena, kwa sababu harufu ile naifahamu tangu nikiwa mtoto, enzi za Wajerumani, mwaka ambao reli ilikuwa inajengwa kuja Dodoma.

Kambi ya mhandisi wa reli haikuwa mbali na tembe letu. Mama alikuwa akipeleka maziwa pale kila asubuhi, nami nikimfuata nyuma nikiwa nimeshika kifuniko cha kibuyu, kazi niliyojipa mwenyewe ili nisiachwe nyumbani. Mke wa mhandisi tulimwita Bibi Miwani. Alikuwa mwembamba, mwenye uso uliobabuka kwa jua, na alipenda kuuliza. Aliuliza kwa nini paa za nyumba zetu ni bapa, kwa nini ng'ombe wana majina, kwa nini mimi sina meno ya mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, na cha mama hakikuwa kirefu zaidi, kwa hiyo Mzee Feruzi, mpishi wake kutoka pwani, ndiye aliyewaunganisha.

Asubuhi moja Bibi Miwani alisema kwao, miezi ya baridi, mbingu humwaga vitu vyeupe kama pamba, vikashuka polepole bila sauti mpaka nchi yote ikafunikwa. Mzee Feruzi alisema vinaitwa theluji. Neno alilijua, kitu chenyewe hakuwahi kukiona.

Mama alifikiri kidogo. "Vikikuangukia vinauma?"

"Haviumi hata kidogo, Mama Nyemo," Mzee Feruzi alifasiri, akimwita mama kwa jina langu.

"Basi mwambie na kwetu vipo. Ila vya kwetu vinauma."

Bibi Miwani alipoelewa kwamba anaambiwa habari za mvua ya mawe, aliweka kikombe chini. Kumbe kwao alikuwa amejaribu mara nyingi kupiga picha theluji ikiwa bado hewani, na kila mara akapata ukungu mtupu. Sasa alikuwa na unga ambao ukiwashwa hutoa mwanga mkali kama radi. Alimwomba mama amwambie siku mawe yatakapokaribia.

Njiani mama alinung'unika. Uwele wetu ulikuwa umeanza kutoa masuke, na huyu anangojea mvua ya mawe kama mtu anavyongojea mgeni. Kichwani mwangu nilikuwa tayari najiuliza kitu kinachoanguka kitasimamaje kwenye karatasi.

Siku yenyewe ilikuja baada ya joto la kutisha. Alasiri upepo ulikata ghafla, wingu likapanda kutoka upande wa mashariki, jeusi lenye kijani kwa ndani, na mbuzi wakarudi wenyewe bila kuitwa. Mama alilitazama, akaniambia, "Nenda kamwambie yule mama. Kimbia, urudi nao."

Walikuja wakihema, Mzee Feruzi amebeba sanduku la kamera na miguu yake mitatu. Waliisimamisha ndani ya mlango wetu, ikitazama uani. Bibi Miwani alimimina unga kwenye kibati chenye mpini, akakiinua juu. Giza lilikuwa limeingia kabla ya wakati wake, na tulikuwa tunaonana kwa shida.

Jiwe la kwanza lilianguka peke yake, likaruka kama panzi. Kisha yakaja yote. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliona mdomo wa baba ukitembea nisisikie neno. Hapo ndipo Malogo, mdogo wangu aliyekuwa bado anatembea uchi, alipopenya kati ya miguu ya kamera akatoka nje kuokota.

Mama alichomoa ungo ukutani akatoka mbio. Bibi Miwani, aliyekuwa amejifunika kitambaa cheusi kichwani, hakuwaona. Akafyatua.

Uani kote kukawa kweupe. Kisha sikuona kitu, ila nilinusa moshi wa ule unga, harufu ya chuma kilichoungua, na sote tukaanza kukohoa, na ndama akapiga teke kizingiti. Mwanga wa kawaida uliporudi machoni mwangu, mama alikuwa amekwisha kuingia na Malogo kwapani. Mtoto hakuwa akilia. Alikuwa akimung'unya barafu.

Asubuhi tulikuta uwele umelala chini kana kwamba ng'ombe wameshinda humo. Baba alizunguka shamba lote. Bibi Miwani alifika, akasimama ukingoni, uso umemwiva. Hakutaja picha. Alikunja mikono ya gauni lake, akaingia kati yetu kuokota masuke kwenye tope, na Mzee Feruzi akamfuata akiguna.

Picha aliileta siku nyingi baadaye, kwenye karatasi ngumu. Mawe yalikuwa yamesimama hewani, mamia ya vidoa vyeupe, na katikati yake mama na Malogo. Baba aliigeuza huku na huku.

"Yanashuka au yanapanda?" aliuliza.

Mzee Feruzi alifasiri. Bibi Miwani alitazama kwa makini, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu shamba lipigwe. Alisema hata yeye akiitazama tu hawezi kujua.

Duara moja lilikuwa kubwa kama sahani, likimfunika mbuzi mzima. Nilisumbuka nalo miaka mingi, kwa kuwa hakuna jiwe kubwa hivyo lililoanguka kwetu. Nilikuwa tayari na wajukuu mpiga picha mmoja wa Majengo aliponieleza kuwa lile lilikuwa jiwe dogo tu, ila lilipita karibu na kioo cha kamera.

Nilifurahi sana, nikampelekea Malogo habari hiyo pamoja na picha. Naye ni mzee sasa, haoni vizuri. Aliisogeza puani, akapita mawe yote bila kuyajali, akaweka kidole kwa mama.

"Dada," alisema, "mbona ungo wote uko juu yangu?"

Niliangalia. Kichwa cha mama kilikuwa wazi, na shingo, na mabega yote mawili. Ndipo nikakumbuka kwamba msimu ule mama hakuweza kujitwisha mtungi, akawa ananiomba nimsaidie, akisema amelalia bega vibaya. Niliamini, kwa sababu ndivyo alivyosema, na kwa sababu kila nilipoishika picha ile nilikuwa nikiyahesabu mawe.