Mlenda wa Kununua

Mimi na Asnath tunatenganishwa na ua wa minyaa tu hapa Mandewa, kwa hiyo yanayotokea uani kwake nayaona hata nisipotaka. Mengi nanyamaza. Hili la ndoo ya mlenda limenishinda, maana mpaka leo nikikutana na mumewe njiani salamu yangu inatoka kwa shida.

Asnath ni mtu wa Ilongero, mfupi, mikono myepesi, mdomo usio na haraka. Nyumba yake anailisha kwa vitu ambavyo mimi ningevitupa. Kiporo cha ugali anakivunjavunja kwenye maziwa ya mgando, na watoto wanakwenda shule wameshiba. Mafuta hapimi dukani. Anasubiri mavuno, ananunua alizeti yenyewe, anaipeleka mashineni, na mashudu wanakula kuku wake. Sisi wengine tunamcheka, halafu mafuta yakipanda bei tunamfuata na vikombe mkononi.

Lakini tegemeo lake kubwa ni mlenda. Mvua zikichanganya anaamka alfajiri kuchuma ule wa porini, unaoota wenyewe pembezoni mwa mashamba kule Mwankoko. Anauanika, anautwanga, anauchekecha, anajaza ndoo kubwa yenye mfuniko. Kiangazi chote mapishi yake ni mepesi: maji yakichemka anatia magadi kidogo na chumvi, ananyunyiza unga wa mlenda huku anapekecha, na kama karanga zipo anatwanga anaongeza. Nyanya hamna, mafuta hamna, hata kitunguu hamna. Kabla ugali wa uwele haujapoa, mboga iko tayari.

Na hela ya mboga ambayo mumewe Zefania, fundi pikipiki, anaiacha mezani kila asubuhi? Inaingia kwenye kibubu. Zefania anajua. Aliambiwa mbele yangu kwamba hela ile ni ya mabati ya jiko. Jiko la Asnath lina kuta na mlango, paa halina. Kiangazi upepo wetu huu unashuka kwa juu na kumwagia majivu kwenye sufuria. Mvua zikianza anahamia sebuleni na jiko la mkaa, mkaa wenyewe wa kununua, na binti yake Lea anakohoa mpaka mvua ziishe. Mwaka huu Asnath alikuwa ameapa mvua zimkute chini ya bati.

Mwezi wa nane wakaja wageni kutoka Dodoma: Simeoni, kaka yake Zefania, na mkewe Dina. Asnath alipiga goti akawapa shikamoo zao, akawakaribisha ndani. Zefania akamwita pembeni, kwa sauti iliyofika mpaka kwangu.

"Mama Lea, leo usinitie aibu. Huo mlenda wako nisiuone mezani. Chinja kuku, pika wali."

Kuku akachinjwa, wali ukapikwa, na mimi nikaenda kumsaidia Asnath kuosha vyombo. Hatujakaa vizuri, Dina akatokea jikoni na kanga kiunoni.

"Mdogo wangu, wali tunakula kila siku kule. Mlenda hamna humu ndani?"

Asnath alicheka kwa furaha ya kweli. Akaupika pale pale, akasonga na ugali. Dina akaketi kwenye kigoda akala mpaka akalamba vidole, kisha akamwita mumewe naye akala. Zefania, yule yule aliyekataza, alisimama mlangoni kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyeuchuma.

Laiti mambo yangeishia hapo! Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na Asnath alijiandaa mapema. Alimfunga jogoo miguu, akapima mlenda wa kutosha mapishi kadhaa, akaufunga kwenye mfuko. Kisha akaenda bombani kuchota maji. Huku nyuma Zefania akaingia stoo. Sijui alimwonea jogoo uchungu au alitaka kujionyesha kwa kaka yake. Nilimwona anamfungua jogoo kamba, anamwachia, halafu anatoka na ndoo nzima ya mlenda.

"Baba Lea," nikamwita juu ya ua, "hiyo si ndiyo mboga yenu ya mpaka mvua?"

"Aa, Mama Nathan, majani tu haya. Mama Lea atachuma mengine."

Mwezi wa nane! Ardhi imekauka mpaka mbuzi wanatafuna maboksi. Mwanamume mzima, amezaliwa hapa hapa Singida, amekula mlenda tangu aote meno, hajui unaota lini. Nilitamani nimrushie mwiko.

Asnath aliporudi na maji kichwani, wageni walikuwa wameshapanda bodaboda, Dina ameipakata ndoo, anapunga mkono. Angefanya nini? Amnyang'anye mgeni zawadi mapajani? Akapunga mkono na yeye. Kisha akatua maji, akaingia stoo, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na mimi nililia kwa hasira kuliko yeye.

Nikamshauri ampigie Dina simu, arudishiwe japo nusu.

"Niseme nini, Mama Nathan? Nitaambiwa nawanyima ndugu wa mume majani ya porini."

Alisema kweli, na hicho ndicho kilichozidi kuniudhi. Baada ya siku chache Dina mwenyewe alipiga simu kushukuru. Kumbe aliwagawia majirani zake wote, akidhani huku kwetu upo tele.

Tangu hapo hela ya mboga ikawa ya mboga kweli. Mchicha wa kumwagilia, fungu dogo, nao bila nyanya na mafuta haupiti kooni. Maharage yanakula kuni kutwa. Hela ya asubuhi haikutosha, Asnath akaanza kuchokonoa kibubu, na mwezi wa kumi akakivunja kabisa. Huku Zefania analalamika.

"Mchicha tena? Mlenda uko wapi?"

"Dodoma," Asnath akamjibu.

Jioni moja mwanzoni mwa Desemba, Zefania alirudi kutoka mjini ameshika kifuko kidogo, uso umejaa mshangao.

"Mama Lea, kumbe mlenda unauzwa! Kikombe kimoja tu hiki, bei yake nusura niwarudishie!"

Asnath alikipokea, akakipima kwa kiganja. Nilikuwa uani kwangu naanua nguo. Nilingoja Zefania ageuke alitazame lile jiko, aunganishe mambo mwenyewe. Hakugeuka. Alivuta kiti, akaketi barazani kungoja chakula.

Mkaa haukuwepo, kwa hiyo Asnath aliwasha kuni ndani ya kuta zake zisizo na paa. Maji yalipoanza kuchemka tu, mvua ya kwanza ikadondoka, matone makubwa. Alimimina unga wa mlenda akaendelea kupekecha, gauni limemgandia mgongoni, moshi unamuingia machoni. Nilikimbia kumpelekea sinia afunikie sufuria.

Zefania akapaza sauti kutoka barazani, mkavu kabisa.

"Mama Lea! Usiongeze maji mengi, mlenda wa kununua huo!"

Asnath hakuinua kichwa.

"Maji siongezi mimi, Baba Lea," akasema. "Yanapita kwenye yale mabati uliyompa Dina."