Semina ya Kujitawala na Mfongo Uliozibwa

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Aminieli, hajawahi kufanya kazi pasipo na mtu wa kumtazama. Sisemi hivi kwa chuki. Nimefundisha chini yake muda mrefu, chuki ikaniisha, ikabaki dharau, ambayo haichoshi sana.

Alizaliwa hapa hapa, juu ya Kwa Sadala, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kinachopakana na shule. Waliokua naye wanasimulia kwamba siku za kusafisha mfongo, ule mfereji wa wazee unaotuletea maji kutoka mlimani, yeye alijificha migombani na kitabu. Kitabu kikampeleka mbali, hadi chuo kikuu, kisha kikamrudisha na suti na kiti cha mzee wa kanisa. Sasa anawafundisha watoto wa watu bidii.

Ukutani mwa ofisi yake kumeandikwa kwa rangi ya bluu: KITENDO CHENYE KUSUDI HUTULIZA AKILI. Sentensi hiyo ni ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ukweli wake niliuona kwa Loveness wa kidato cha pili. Msichana yule hakuweza kutulia. Alifungua daftari, akachora kucha zake kwa kalamu, akamchokoza jirani, akalala. Alishauriwa, akachapwa, akaombewa. Mimi nikamkabidhi kitalu cha miche ya kahawa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Bibi yake, aliyemlea, alikuwa na kihamba ambacho mibuni yake yote imezeeka na kung'olewa. Nikamwahidi Loveness kwamba miche ikiishi hadi masika, safu moja ataipeleka kwa bibi. Nikamwekea sharti: haendi kitaluni na hesabu ambazo hazijakamilika.

Alinuna. Baadaye akaanza kumaliza hesabu, vibaya mwanzoni, ili tu aende. Akajifunza kubadilisha majani ya migomba yaliyoweka kivuli kabla hayajaoza. Hakuna aliyempigia makofi, na nadhani hakuyakosa.

Januari jua likawaka, na siku ya kusafisha mfongo ikafika. Kila anayetumia maji hupeleka watu wa kwake na majembe. Lakini mkuu alikuwa amemwalika mhamasishaji kutoka mjini kuendesha semina ya kujitawala, na hakutaka viti viwe vitupu. Basi akaokota vibarua sokoni akawapeleka mfongoni. Hata mgeni angeuliza kwanza. Yeye, aliyezaliwa maji yakipita mlangoni kwao, alidhani mfongo unachimbwa kwa niaba.

Mzee Aikaeli, mwenyekiti wa mfongo, aliwarudisha vibarua, akaziba njia ya maji yetu kwa magogo ya migomba na udongo. Faini ilikuwa ile ya siku zote: pipa la mbege, linywewe na waliochimba.

Hapo mkuu akanasa. Mzee wa kanisa ataonekanaje akinunua pombe? Kwamba yeye mwenyewe huinywa jioni nyuma ya zizi lake, kisogo kikielekea barabarani, kijiji kizima kinajua. Akaniambia dhamiri yake haimruhusu, na kwamba mvua haiko mbali. Nilitazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

Miche ikaanza kukunja majani. Loveness alibeba maji ya bomba kwa ndoo, hadi bomba likaanza kutoa maji ya kupikia tu. Akaniomba nimsindikize kwa Mzee Aikaeli. Tulimkuta akikata majani ya ng'ombe, na hakuacha kukata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mkuu wenu kawatuma na mbege?"

"Hajatutuma. Hajui kama tumekuja."

"Basi mna shida gani?"

"Miche ya bibi inakufa, babu. Tukichimba wenyewe, utatufungulia?"

Mzee akacheka bila kumtazama. "Aminieli alilikimbia jembe kabla hajaota ndevu. Wewe na sketi yako utaliweza?"

"Nionyeshe pa kuanzia tu."

Akatuonyesha kwa mundu. Akasema waje kesho yake wale wanaokunywa maji hayo, na akimwona kibarua hata mmoja, wote warudi kwao.

Kesho yake, kwa bahati, palikuwa na semina tena. Ya kwanza ilimpendeza mkuu hata akairudia. Mhamasishaji, kijana mwenye viatu vya ncha kali, aliwaambia wanafunzi wafumbe macho wayaone malengo yao. Walipofumbua, nusu ya darasa la Loveness haikuwamo. Nami pia nilitoka. Niliwakuta mfongoni, wazee wakiwacheka wanafunzi namna walivyoshika jembe, nao wanafunzi wakitukanana kwa furaha, matope hadi magotini. Hakuna aliyeuliza saa. Loveness ndiye aliyewapangia nafasi, na kila aliyezembea, Loveness alimwita "mkuu". Jina hilo lilitosha kumwinua yeyote.

Mzee Aikaeli alipoondoa gogo la mwisho, maji yalishuka machafu, yakapita mbele ya ukumbi wakati mhamasishaji akiuliza, kwa kipaza sauti, nani ana kiu ya mafanikio.

Mkuu alimsimamisha Loveness mbele ya shule yote. Alikuwa ametoroka semina ya nidhamu, alisema, na adhabu itakuwa nzito.

"Utamwagilia kitalu kile kila siku mpaka shule ifungwe. Ujifunze kujitawala."

"Ndiyo, mwalimu," akajibu Loveness, ameinamisha kichwa sana, hata mkuu akaridhika kwamba anatubu. Mimi nilikuwa upande wake. Niliuona uso.

Masika yalipoanza, kikao cha wazazi kilioneshwa kitalu, miche imesimama imara, na mkuu akaeleza kwa kirefu jinsi semina zake zilivyozaa matunda. Wazazi walipiga makofi. Loveness hakuyasikia. Alikuwa njiani kwenda kwa bibi, na safu yake ya miche ndani ya beseni kichwani, akitembea polepole ili isitikisike.